Tusisubiri Bajeti

Mwaka 1928, Ernest Bayer wa Marekani alipata medali ya fedha ya Olimpiki kwa kupiga makasia. Mkewe, Ernestine, naye alilitaka kasia, lakini klabu za Philadelphia zilikuwa za wanaume. Basi mwaka 1938 yeye na wenzake wakaanzisha klabu yao ya wasichana. Mwaka 1967 akapeleka timu ya wanawake kwenye mashindano ya Ulaya, kule Ufaransa. Olimpiki ikaja kuwakubali wapiga makasia wanawake mwaka 1976.

Hapa chuoni, dada zetu wakitaka timu ya mpira wanaambiwa, "Subirini bajeti." Jamani, Ernestine hakusubiri, na bado ilichukua miaka 38! Anayekaa kusubiri je? Kusanyeni majina, dai uwanja jioni moja kwa wiki. Nasi wanaume tuuachie.