Kumpiga Mzee si Ubingwa

Ukipita Mji wa Kale baada ya sala ya Isha, kutoka Kibokoni hadi Ndia Kuu, hukosi baraza ambapo kahawa tungu yanywewa na mabondia wa uzani mzito wapangwa safu, nani wa kwanza na nani wa mwisho. Huyu amtaja Joe Louis, yule amtaja Mike Tyson. Ama Muhammad Ali, yeye hana mpinzani kwa sababu, wasema, ni ndugu yetu katika Uislamu. Mimi pia namweka Ali mbele. Lakini sababu hiyo siikubali, kwani shahidi haulizi udugu.

Kipimo changu ni kimoja: bingwa alimpiga nani, na huyo aliyepigwa alikuwa katika hali gani siku hiyo?

Tumshike Rocky Marciano. Alipigana mara 49, akashinda zote, akastaafu mwaka 1956. Hesabu hiyo yawapumbaza wengi. Lakini Joe Louis aliyempiga mwaka 1951 alikuwa na miaka 37, si yule Louis aliyeshika taji tangu 1937 hadi 1949 na kulitetea mara 25. Kwangu mimi Louis mbele, Marciano amfuate. Wa kabla yao ni Jack Johnson, aliyetwaa taji mjini Sydney mwaka 1908 baada ya kukwepwa miaka mingi na mabingwa weupe. Huyo hana ubishi.

Sasa Ali. Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, ngumi zilianza saa kumi alfajiri kwa saa za huko, huku kwetu saa kumi na mbili, watu washatoka msikitini. George Foreman alikuwa na miaka 25, Ali 32. Foreman alikuwa amemwangusha Joe Frazier mara sita katika raundi mbili, na Ken Norton naye hakumaliza raundi ya pili. Wawili hao ndio waliokuwa wamewahi kumshinda Ali! Basi hapa mkubwa ndiye aliyeegemea kamba, akazila ngumi za kijana, na katika raundi ya nane akamlaza chini. Nionyesheni bingwa mwingine aliyefanya hivyo katika zama zilizojaa wanaume namna ile. Haki itendeke lakini: mwaka 1962 Ali naye, akiitwa Cassius Clay, alimpiga Archie Moore aliyekuwa mzee kwa ndondi. Hiyo simhesabii.

Februari 1980 Ali alifika Dar es Salaam na Nairobi kwa ujumbe wa Rais Carter, kutaka Afrika isiende Olimpiki ya Moscow. Miezi minane baadaye, akiwa na miaka 38, alipanda ulingoni Las Vegas kupigana na Larry Holmes. Ilikuwa huzuni. Baada ya raundi ya kumi watu wake wakasema basi, na Holmes mwenyewe alitokwa na machozi. Hapa kwetu wako wasiomsamehe Holmes mpaka leo, na jina lake halitajwi barazani ila kwa kejeli.

Nasema wamdhulumu. Holmes alishika taji tangu 1978 hadi 1985, akalitetea mara 20. Mtoeni Ali, zabaki 19. Tyson naye, aliyetwaa taji mwaka 1986 akiwa na miaka 20 tu, alimwangusha Holmes Januari 1988. Holmes alikuwa na miaka mingapi? 38, ile ile ya Ali. Mbona hiyo twaishangilia? Kwa kuwa Tyson baadaye alisilimu? Miaka ya themanini ni ya Holmes, Tyson nyuma yake.

Najua mwaka 1987 wanavyuoni wa baraza la fiqhi la Rabita, pale Makka, waliiharimisha ndondi kwa madhara yake, na aliyemwona Ali akitetemeka katika miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki mwaka 2016, hatakuwa na la kuwajibu. Lakini ubishi wa barazani haujakoma kwa hilo. Juzi nilipoutoa mpango wangu huu, mzee mmoja alisikia Holmes yuko mbele ya Tyson, akaweka kikombe chini na kuniuliza kama nina homa.