NYUMBANI NA WATOTO: Sauti Kubwa na Sauti Ndogo



Mwezi huu tumepata barua ya mwalimu mmoja afundishaye watoto wadogo, wale wa miaka 3 hata 5. Asema amechoka. Watoto wake wakiambiwa waseme, hupiga makelele. Wakiambiwa wanyamaze, hunyamaza kwa kitambo cha kuhesabu kumi, kisha huanza tena. Katikati ya makelele na kimya hawana kitu. Auliza, "Je, niwafanyeje? Fimbo siitaki, na koo langu limekauka." Barua hii imetupendeza, kwani aliyeiandika yu karibu sana na jibu lake. Watoto hawa hawakatai kusema kwa sauti ndogo. Hawajui sauti ndogo ni kitu gani. Tangu wazaliwe wamesikia "Nyamaza!", lakini ni nani aliyewaonyesha njia iliyo kati?

Tena lugha yetu yenyewe huwatega. Twasema, "Sema polepole," na maana yetu ni kwamba mtoto asipaze sauti. Naye mtoto mtiifu huyakokota maneno moja moja, kwa sauti ile ile ya kuamsha kijiji kizima. Amekosa nini? Amelitii neno alilolisikia. Vile vile twasema "sauti kubwa" na "sauti ndogo", naye ajua vema kubwa ni nini na ndogo ni nini: ng'ombe ni mkubwa, kifaranga ni mdogo. Basi moyoni mwake huweka sheria, ya kuwa kitu kikubwa kina sauti kubwa na kitu kidogo kina sauti ndogo. Na juu ya hayo huchanganya ukubwa wa sauti na unene wake. Mlio wa mbu ni mwembamba, na mlio wa ng'ombe ni mnene. Lakini mlio mwembamba waweza kupasua masikio, na mlio mnene waweza kuwa mdogo kama mkoromo wa mtu alalaye chumba cha pili. Mwalimu asipoyatenga mambo haya mawili tangu mwanzo, atahangaika mwaka mzima.

Sisi tumejaribu kuwafundisha kwa wanyama, na twaona ndiyo njia iliyo rahisi kuliko zote, wala haihitaji kununua kitu.

Anza na wanyama wa uani, ambao mtoto amewasikia kwa masikio yake. Jogoo huwika. Mbwa hubweka. Punda akilia, hata aliye ng'ambo ya mto hugeuza kichwa. Paka aombaye maziwa hulia kidogo tu, na njiwa juu ya paa huguna kooni. Waambie watoto wawe jogoo. Wote watawika, nawe usiwazuie. Kisha waambie wawe paka aliyeona panya na hataki panya ajue. Utaona ajabu: darasa lililoshindwa kunyamaza kwa amri litanyamaza kwa hiari yake, kwa maana sasa kimya kina kazi. Baada ya siku mbili tatu, simama mbele yao na kiganja chako kikiwa chini karibu na ardhi, uwaambie wawe mbwa wa mbali sana. Kiinue kiganja polepole, mbwa akikaribia. Kishushe, mbwa akienda zake. Hapo ndipo wapatapo ile njia ya kati aliyoitafuta mwalimu wetu. Tangu siku hiyo hana haja ya kupaza sauti yake mwenyewe. Akitaka darasa lipunguze sauti hushusha kiganja, basi.

Watoto wakiisha kuzoea, ivunje ile sheria waliyojiwekea moyoni. Simba ataituliza kidogo, maana yeye ni mkubwa na ngurumo yake husikika hata kilometa 8 usiku uliotulia. Lakini waulize, Je, twiga hulia vipi? Hakuna atakayejibu, na wakubwa nao hawatajibu. Kwa miaka mingi watu walidhani twiga ni bubu kabisa. Ndipo mwaka 2015 wataalamu waliotega vinasa sauti katika bustani za wanyama za Ulaya wakatoa habari ya kuwa twiga huvuma usiku, mvumo mnene na mdogo sana. Mnyama mrefu kuliko wote duniani, na sauti yake imefichika hivi!

Kisha waletee perere. Walio Unguja na Pemba, na walio karibu na misitu ya Kilimanjaro, wamfahamu. Wengine wamwazie mnyama wa ukubwa wa sungura, mwenye masikio mafupi, akaaye mitini. Mchana hana neno. Usiku huanza kukwaruza koo kama mlango wenye kutu, na sauti hupanda na kupanda hata ikawa yowe, na mgeni alalaye karibu na msitu huruka kitandani. (Na hili tulisoma tukacheka: wajuao mambo ya wanyama husema jamaa za perere walio karibu naye kuliko wengine ni tembo na nguva.) Nyenje naye hupita kipimo. Nyenje wa jinsi moja ya Afrika alipimwa, ikaonekana sauti yake hufika desibeli 106 kwa umbali wa nusu meta, hali mazungumzo yetu ya kawaida ni kama desibeli 60 tu. Na ni dume pekee aliaye hivyo, kwa viwambo viwili vidogo vya ubavuni mwake. Watoto wetu walipoambiwa ya kuwa mdudu wa kutosha kiganjani humshinda ng'ombe kwa kelele, walikaa kimya kidogo, kisha mmoja akasema, "Kama mdogo wangu." Hatukuwa na haja ya kueleza zaidi.

Habari ya tembo twaiweka kwa walimu, ingawa watoto wa miaka 5 waipenda. Mwaka 1984 mwanamke wa Marekani, Katy Payne, alisimama karibu na tembo katika bustani ya wanyama ya Portland, akahisi hewa ikitetema kifuani pake wala hakusikia kitu. Alikumbuka jinsi alivyohisi alipokuwa msichana, alipoimba karibu na kinanda cha kanisa na filimbi zake nene kuliko zote zikilia. Yeye na wenzake wakaleta vyombo vya kunasia, na kumbe, tembo walikuwa wakisemezana kwa sauti nene mno, ambayo sikio la mwanadamu haliipati. Baadaye habari hizo zilichunguzwa pia Amboseli, katika Kenya. Basi hapa unene na ukubwa vimetengana mbele ya macho yetu: sauti ina nguvu ya kufika kilometa kadhaa, nasi twasimama karibu nayo hatuna habari.

Na kama mtoto akiuliza sauti ni nini hasa, chukua ngoma, uitie chembe chache za mchele juu ya ngozi. Ipige kwa kidole, mchele utatikisika. Ipige kwa kiganja, mchele utaruka. Ataona kwa macho ya kuwa sauti ni mtikisiko, na sauti kubwa ni mtikisiko mkubwa. Tena aweke mkono kooni mwake, angurume kama simba, kisha anong'one.

Sasa tuna jambo la kuungama, nalo ndilo lililotufanya tuandike habari hii kwa urefu.

Katika darasa letu alikuwako mtoto wa kiume wa miaka 5, mchangamfu uwanjani, mzito darasani. Akiitwa hageuki. Akiambiwa lete kibao, huleta kikapu. Tulimwona mkaidi, na mara mbili tulimsimamisha ukutani mbele ya wenziwe. Katika mchezo wa wanyama alifanya vizuri, hata tukasema, Mwaona, akitaka husikia! Lakini siku moja tuliugeuza mchezo. Watoto walikaa wametupa kisogo, macho wamefumba, na kila aliyesikia mnyama aliambiwa ainue mkono. Tulinguruma, mikono yote ikainuka. Tulilia kama mbuzi, mkono wake ukachelewa. Tulilia kama paka, mikono yote ikainuka isipokuwa mmoja. Tulirudia. Tulisogea karibu hata urefu wa mkono nyuma yake, tukalia kama njiwa, naye aliketi ametulia, macho amefumba kwa utii, akingoja mnyama.

Ndipo tulipojua ya kuwa siku zote alikuwa akiwatazama wenziwe na kufuata wafanyavyo.

Mmoja wetu alikwenda kwao jioni ile. Alimkuta bibi yake barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Amefanya nini tena?"

"Hakufanya neno, bibi. Sisi ndio tuliofanya. Nimekuja kuuliza habari za masikio yake."

Bibi alinyamaza, kisha akasema, "Yalitoa usaha tangu masika ya mwaka juzi. Mimi humtia mafuta ya nazi ya uvuguvugu, kama mama yangu alivyonitia mimi. Hukauka, hurudi. Nilidhani yatakwisha akikua."

Hatukumlaumu. Alikuwa amemtunza kwa kadiri alivyofundishwa, nasi tuliofundishwa zaidi tulimsimamisha ukutani. Kesho yake walikwenda hospitali pamoja. Masikio yalisafishwa, akapewa dawa ya matone kwa majuma kadhaa, na bibi akaonyeshwa jinsi ya kuyakausha kwa kitambaa safi kilichosokotwa. Sikio la kulia limepona vema. La kushoto lina tundu katika kiwambo chake, na usikivu wake haujarudi wote. Siku hizi hukaa mbele, upande utakaoelekeza sikio jema kwa mwalimu, na kila asemaye naye humgusa bega kwanza.

Shirika la Afya Duniani lasema watoto milioni 34 duniani wana upungufu wa kusikia uliofika kadiri ya kuhitaji msaada, na ya kuwa katika kila watoto 100 wenye upungufu wa kusikia, 60 wamepatwa kwa sababu ambazo zingeweza kuzuiwa: usaha wa masikio usiotibiwa, surua, rubela, homa ya uti wa mgongo, shida wakati wa kuzaliwa, na baadhi ya dawa zenye nguvu. Kwa hiyo chanjo ya surua ni mlinzi wa masikio pia. Sikio litoalo usaha lisitiwe mafuta, wala maziwa, wala maji ya majani; lipelekwe kwa daktari, hata kama haliumi. Wala msichokoe sikio la mtoto kwa kijiti, wala kwa unyoya wa kuku, ambao twajua wengi huupenda sana.

Nawe mwalimu uliyetuandikia, fanya mchezo huo wa kisogo juma hili, mtoto mmoja mmoja, mahali pasipo kelele za uwanja. Simama nyuma yake kwa urefu wa mkono, asikuone kinywa. Anza na paka, si simba. Kila sikio kwa zamu, lingine limezibwa kwa kidole. Asiyeinua mkono usimwambie neno mbele ya wenziwe. Jaribu tena siku ya pili, maana huenda ana mafua, kisha uende kwao jioni. Utuandikie umewaona wangapi.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutajibu barua ya mama wa mapacha, aliyeuliza juu ya watoto wanaokataa uji wa asubuhi.