Magaga ya Visigino na Maji ya Udhu



Wiki hii, mama zetu na dada zetu, tunashuka hadi chini kabisa, kwenye visigino. Anayechelewa swala akasimama safu ya nyuma hulijua jambo hili vyema: wenzake wakiwa katika sijida, nyayo ndizo azionazo. Mna magaga ya mama aliyesimama jikoni juu ya saruji tangu alfajiri, na kwa wanaume mna ya hamali na ya mvuvi. Hatuyataji kwa kuyacheka. Gaga lililopasuka hadi kwenye nyama huuma kila hatua, na huwa mlango wa maradhi.

Ngozi ya kisigino hunenepa kwa kusuguliwa na kubeba uzito, nayo ni kinga aliyotujaalia Mola. Taabu huanza ikikauka. Ngozi nene iliyokauka hainyumbuki, na kwa kuwa kandambili haishiki kisigino kwa nyuma, nyama hutanuka kila tukanyagapo hata ngozi ikapasuka. Wako wadhanio kuwa mwenye kutawadha mara 5 kwa siku hawezi kukaukiwa na miguu. Sivyo. Maji yakikaukia juu ya ngozi isiyopakwa mafuta huizidisha ukavu, na sabuni kali huongeza.

Wakati mzuri wa kuishughulikia miguu ni baada ya Isha, kazi zimekwisha. Itieni katika beseni la maji ya vuguvugu kwa dakika 10 hadi 15. Ikilainika, isugueni kwa jiwe la miguu taratibu, na msitake kuyamaliza magaga usiku mmoja. Mara 2 au 3 kwa wiki yatosha. Mkiona wekundu au mkihisi moto, mmekwisha kupita mpaka. Kisha ikausheni, hasa baina ya vidole, na ngozi ingali na unyevu kidogo pakeni visigino mafuta ya mgando, mvae soksi za pamba mlale. Baina ya vidole msipake, maana unyevu wa hapo huleta fangasi. Mafuta ya nazi pia yafaa, ila ya mgando huzuia unyevu usitoke kwa muda mrefu zaidi. Ama ndimu na chumvi, tuwaachie samaki.

Alfajiri, osheni visigino kwa sabuni kabla ya kutawadha. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mafuta yaliyokwisha kunywewa na ngozi hayadhuru udhu, wala rangi ya hina haidhuru. Kinachodhuru ni kitu chenye kiwiliwili, kama nta au mafuta yaliyoganda katika mipasuko, kwani huzuia maji. Mtume (s.a.w.) aliwaonya vikali waliotawadha wakaacha visigino vikavu. Lakini mtu asije akadhani kuwa sugu lenyewe ni kizuizi, akashika wembe kulikata ili udhu wake utimie. Sugu ni ngozi yake. Kuliosha kwa juu kwamtosha.

Na wembe huo ndio hasa tunaouhofia. Mama zetu wengi wana maradhi ya sukari, na sukari ya miaka mingi huua hisia za miguu na kupunguza mwendo wa damu. Mama hujikata asijue, kidonda kikakataa kupona, kikaoza, na wako waliokatwa mguu kwa jambo lililoanza kama mchubuko tu. Mwenye sukari asiloweke miguu, asitumie wembe wala dawa za kuunguza sugu, na jiwe asilishike kabla ya kumuuliza daktari wake. Apake mafuta kila siku na azitazame nyayo zake kila jioni. Asiyeweza kuinama atazamiwe na binti au mjukuu, wala asione haya; kumtazamia mama miguu ni katika kumtendea wema. Wakiona damu, usaha au kidonda, wampeleke hospitali siku hiyo hiyo. Jeraha lisiloweza kutiwa maji lina hukumu yake katika fiqhi, basi aulizwe mwalimu kabla ya kuloweshwa.

Limebaki jiwe. Kila mmoja nyumbani awe na lake, lioshwe kwa sabuni baada ya kutumiwa na lianikwe juani likauke.