Msamiati wa Bunge na Mahakama: Tujue Maana, Si Mlio

Hapana darasa la Kiingereza lenye wanafunzi wengi katika nchi hii kuliko mijadala ya Bunge na kesi kubwa za mahakama. Kesi za uchaguzi wa urais za mwaka 2013, 2017 na 2022 zilipoonyeshwa katika televisheni, baraza za kahawa kuanzia Lamu hata Vanga ziligeuka vyuo. Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipoubatilisha uchaguzi uliofanywa tarehe 8 Agosti, maneno "null and void" yaliingia kila kichochoro. Mwaka 2022 mahakama hiyo hiyo ilipoyaita baadhi ya madai yaliyoletwa mbele yake "hot air", wengi walijua siku hiyo ya kwamba hewa ya moto, kwa Waingereza, ni maneno matupu yasiyo na ushahidi.

Jambo hili si la kulaumiwa hata kidogo. Mtume Muhammad (S.A.W.) alimwamuru Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, maana hakuridhia barua zake zitegemee uaminifu wa watu wengine. Hapa kwetu Mombasa, marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa magazeti ya Sahifa na Al-Islah katika miaka ya 1930, akawahimiza Waislamu watafute elimu ya zama zao bila ya kutupa dini wala lugha yao. Basi anayejifunza Kiingereza kwa kumsikiliza wakili akihojiana na jaji hakukosea njia.

Linalotutia wasiwasi ni kwamba wengi wetu hudaka mlio wa neno na kuiacha maana yake. Neno la sheria huvaa nguo mbili. Nyumbani lina maana moja, na likiingia mahakamani likawa na nyingine. Mtoto wa shule hufundishwa ya kwamba "motion" ni mwendo, lakini Bungeni ni hoja. "Bench" ni bao la kukalia, na mahakamani ni jopo la majaji. "Stay" ni kukaa, lakini jaji akiitoa huwa ni amri ya kusimamisha jambo lisiendelee. "Estate" kwa mkazi wa mjini ni mtaa wa nyumba, ilhali katika kesi ya mirathi ni mali yote aliyoiacha marehemu. Na "issue", ambalo kila mtu hulitumia kwa maana ya jambo au tatizo, katika hati za urithi huwa ni watoto na kizazi cha mtu. Mwenye kusoma hati ya babake kwa Kiingereza cha barazani aweza kutia sahihi yake chini ya jambo asilolikusudia.

Sisi Waislamu wa Pwani tuna sababu kubwa zaidi ya kuangalia jambo hili. Kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema ya kwamba Mahakama ya Kadhi itaamua mambo ya sheria ya Kiislamu yahusuyo hadhi ya mtu, ndoa, talaka au mirathi, katika kesi ambazo wahusika wote ni Waislamu na ambao, kwa neno la Kiingereza, wame-"submit" kwa mamlaka ya mahakama hiyo. Mwanafunzi alijua neno hilo kwa maana ya kupeleka kazi yake kwa mwalimu. Hapa maana yake ni kukubali kuwa chini ya mamlaka ya Kadhi. Mmoja wa wahusika asipokubali, mlango wa Kadhi hufungwa, na kesi huenda kwingine. Neno hilo moja ndilo kizingiti cha mlango wenyewe, na ni wangapi kati yetu wanaolijua?

Kuna na neno jingine. Kifungu cha 24 chasema ya kwamba masharti ya Katiba juu ya usawa yatapunguzwa kwa ajili ya sheria ya Kiislamu katika Mahakama za Kadhi, lakini kwa kadiri ambayo ni "strictly" lazima, yaani kwa kadiri ile tu, bila ya kuzidisha. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mirathi iliyotoka Mombasa, ikasema watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasibaguliwe katika mali ya baba yao Mwislamu. Kifungu hicho kilikuwa katikati ya mabishano yale. Hapa hatutoi hukumu juu ya uamuzi huo. Wanavyuoni wetu wamesema na wataendelea kusema. Tunalosema ni kwamba watu walibishana misikitini na sokoni kwa siku nyingi, na wachache mno waliokuwa wamelisoma neno ambalo majaji walikuwa wakilipima.

Wala hili si jipya. Sheria ya hatimiliki za ardhi ya Pwani ya mwaka 1908 iliwataka watu walete madai ya mashamba yao, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya "Crown". Neno hilo ni taji, lakini katika sheria ni serikali ya mfalme wa Uingereza. Mpaka leo kuna watu Pwani wanaohangaika na taabu zilizotokana na sheria hiyo. Na mnamo Oktoba 1963, barua baina ya Waziri Mkuu wa Kenya na Waziri Mkuu wa Zanzibar, zilizoahidi kuhifadhiwa kwa mamlaka ya makadhi, ziliandikwa kwa Kiingereza. Ahadi zetu na hasara zetu zote zimo katika lugha hiyo.

Yuko atakayeuliza, je, Katiba haikutafsiriwa? Imetafsiriwa, na ni jambo la kushukuriwa. Lakini kifungu cha 259 chasema wazi ya kwamba matini za lugha mbalimbali zikigongana, ya Kiingereza ndiyo itakayoshinda. Kwa hivyo Kiingereza cha sheria si pambo la kujitia usomi. Ni ufunguo wa nyumba yetu wenyewe.

Twajifunzaje, basi? Twaona ya kwamba tusianze mikono mitupu. Sheria, hukumu, hakimu, wakili, shahidi, dhamana, rufaa, wasia, wakfu, mirathi: yote haya Kiswahili kiliyapata kwa Kiarabu zamani, na yamekuwa yetu. Waingereza nao walifanya vivyo hivyo. Maneno yao ya jaji, korti na hukumu waliyatoa katika Kifaransa cha wafalme waliowatawala tangu mwaka 1066. Mwaka 1362 Bunge lao lilipitisha sheria ya kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa kuwa Kifaransa hakikuwa kikijulikana na raia. Hivyo hata wao waliwahi kulalamika ya kwamba wanahukumiwa kwa lugha wasiyoielewa!

Mwenye kujifunza neno la Kiingereza na alitundike juu ya neno la kwetu alilokwisha kulijua, kisha aulize yanapoachana. Mfano, "trust" hufasiriwa wakfu, lakini neno hilo la Kiingereza ni kubwa zaidi. "Trust" za namna nyingine huweza kuvunjwa na mali ikagawanywa, ilhali mali ya wakfu haiuzwi, wala hairithiwi, wala haitolewi zawadi. Asiyejua tofauti hiyo ataupoteza wakfu wa babu yake huku akijiona ameelimika.

Tunawaomba mawakili wetu wa Pwani watenge saa chache kila mwezi, misikitini na katika kumbi, wawafasirie watu vifungu hivi neno kwa neno. Tunawaomba watangazaji wa redio, wanapotaja amri ya mahakama, waseme maana yake na si jina lake tu. Na tunawaomba Wabunge wetu wakumbuke ya kwamba mwezi wa Julai 1974 Mzee Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike Bungeni, na ya kwamba kifungu cha 120 cha Katiba kinakitaja leo kuwa lugha rasmi ya Bunge. Mbunge wa Pwani anayeshindana kwa Kiingereza cha kukopa, na wapiga kura wake wasijue amesema nini, hajawatumikia.

Raia naye ajue haki yake. Mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi ana haki, kwa kifungu cha 50, ya kupewa mkalimani bila ya malipo. Asione haya kumwomba. Haya ya saa moja ni bora kuliko kifungo cha mwaka.

Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kiingereza tukisome, tena tukisome sana, lakini tukikisoma tuwe tumekalia mbacha wetu.