Tuhesabu kwa Kazi, Si kwa Saa

Mwalimu anayetunza maksi, maazimio ya kazi na maandalio ya masomo katika kompyuta hana budi kuwa na nakala ya akiba. Akisha kunakili yote mara moja, yatosha kila siku kunakili yaliyobadilika tu. Kazi hiyo hufanywa na skripti ya sheli, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta huzitekeleza moja baada ya nyingine. Hoja yangu ni kwamba mfano unaopendwa katika kuifundisha haufai.

Mfano huo ni amri ya find yenye sharti la -mtime -1, ambalo huchagua mafaili yaliyobadilishwa katika saa 24 zilizopita. Natuchukue skripti iliyopangiwa saa mbili usiku. Jumanne asubuhi mwalimu anaandika maksi za mtihani. Jioni umeme unakatika hadi usiku wa manane. Jumatano saa mbili usiku, skripti inatazama nyuma saa 24 tu. Maksi za Jumanne zimeachwa, wala hakuna onyo lolote.

Afadhali sharti la -newer, ambalo hulinganisha kila faili na faili moja la kumbukumbu. Faili hilo lishike wakati kazi ya kunakili ilipoanza, na lichukue nafasi ya lile la zamani baada tu ya kazi kufaulu. Hata umeme ukikosekana siku tatu, hakuna kitakachorukwa.

Jambo hili lianze kufundishwa kwa madaftari. Mwanachuo akusanye kwanza yaliyoandikwa tangu jana, kisha yaliyoandikwa tangu yaliposahihishwa mara ya mwisho. Tofauti ataiona mwenyewe kabla ya kugusa kompyuta.

Hata hivyo, skripti kumaliza kazi si ushahidi. Mwaka 1998, katika studio ya Pixar nchini Marekani, mafaili ya filamu ya Toy Story 2 yalifutwa kwa bahati mbaya, na nakala za akiba zikaonekana ni mbovu. Filamu iliokolewa na nakala iliyokuwa nyumbani kwa mfanyakazi mmoja. Kwa hiyo somo lisihesabiwe kuwa limekwisha mpaka mwanachuo arudishe faili kutoka katika nakala, alifungue na kulisoma. Hatusemi mtoto ameelewa kwa sababu tu mwalimu amemaliza kusema; twampa zoezi. Nakala nayo ipewe zoezi.