Majarida ya katuni ya mjomba: tuyauze au watoto wayasome?

Wazazi, wiki hii naomba ruhusa yenu. Niliahidi kuzungumzia dawa za minyoo kwa watoto wa shule, na mada hiyo ipo, itakuja wiki ijayo. Leo nina jambo la sanduku.

Mjomba wangu alifariki dunia mwaka jana. Alikwenda kusoma Marekani mwaka 1981, akarudi nyumbani Tanga Aprili 1984, na katika mizigo yake kulikuwa na sanduku la bati ambalo sisi watoto tulikatazwa kulifungua. Tulidhani lina vyeti vyake. Tulipolifungua baada ya msiba tukakuta majarida ya katuni 18, kila moja ndani ya mfuko wake wa nailoni. Yote ni ya mfululizo mmoja unaoitwa ElfQuest, namba 1 hadi 18.

Hapo ugomvi ukaanza. Mtoto wa kiume wa mjomba, binamu yangu, anaishi Ohio na ni mkusanyaji wa katuni za zamani. Alipiga simu ya video, akaona majalada, akapaza sauti: "Msiguse! Mtoto yeyote asiyakaribie!" Dada yake, anayekaa na Mama pale Tanga, akamjibu kwamba mwanawe wa miaka 10 ameshamaliza mawili tangu asubuhi. Mama, yaani mke wa mjomba ambaye sote tunamwita hivyo, alikuwa na swali moja tu. Yanauzwa shilingi ngapi? Kuna deni la dawa za miezi ile ya mwisho, na bado halijaisha.

Mimi nikapewa kazi. "Wewe ndiye mwandishi wa habari za afya, chunguza kama yanafaa kwa mtoto." Nikabeba sanduku, nikasoma yote usiku baada ya kazi, na nikawasikiliza binamu na wenzake wa huko wakibishana kwenye simu. Sikujua watu wazima wanaweza kubishana hivyo kuhusu katuni.

Kwanza niwaeleze ni kitu gani. ElfQuest ni kazi ya mke na mume, Wendy na Richard Pini. Namna walivyokutana inaufaa ukurasa huu wa familia: mwaka 1969 barua ya Wendy, msichana wa California, ilichapwa kwenye kurasa za wasomaji za katuni nyingine, Silver Surfer. Richard, mwanafunzi wa chuo huko Massachusetts, akaisoma, akamwandikia. Walioana mwaka 1972. Wendy ndiye mchoraji na mtunzi mkuu. Richard, aliyesomea mambo ya nyota, alihariri na kuendesha biashara.

Kampuni kubwa za katuni ziliwakatalia. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1978 kwa mchapishaji mdogo, kwenye karatasi hafifu, na wenyewe hawakuridhika nayo. Wakaanzisha kampuni yao, WaRP Graphics, jina lililotokana na herufi za mwanzo za majina yao. Simulizi la awali likakamilika kwa matoleo 20, la mwisho likitoka mwishoni mwa 1984.

Hadithi yenyewe inahusu maelfi, viumbe wafupi wenye masikio yaliyochongoka na vidole vinne kila mkono. Kabila moja hupanda mbwamwitu kama sisi tunavyopanda bodaboda. Binadamu wanauchoma msitu wao, wanakimbia, wanavuka jangwa, na huko wanakutana na maelfi wengine wenye ngozi ya kahawia wanaolima kijijini kwenye jua kali. Kiongozi kijana wa wapanda mbwamwitu, Cutter, anampenda tabibu wa kijiji hicho, Leetah. Baadaye wanaanza safari ndefu ya kutafuta jumba la mababu zao.

Mwanzoni unadhani ni hadithi ya uchawi. Kumbe mababu hao walitoka kwenye nyota, chombo chao kikaanguka katika dunia ya watu wa kale na wakashindwa kuondoka. Ndiyo maana wajuzi huiita njozi ya kisayansi.

Sasa ugomvi wa wakusanyaji.

Wapo wanaosema ElfQuest ya kweli ni ile ya wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, majarida makubwa kama haya ya mjomba, ambako rangi iko kwenye jalada tu. Hoja yao ni kwamba mistari ya Wendy inaonekana vizuri zaidi bila rangi: nywele, manyoya ya mbwamwitu, machozi. Wengine wanajibu kwamba Wendy mwenyewe alizitia rangi kurasa hizo kwa ajili ya vitabu vilivyotoka kuanzia 1981, kwa hiyo huwezi kusema rangi si yake. Kundi la tatu lililelewa na toleo la Marvel la 1985 hadi 1988, ambalo liliyagawa yale matoleo 20 kuwa 32, kwa rangi, likiwa dogo na la bei nafuu. Wakusanyaji wenye pesa hulidharau. Lakini kwa kuwa hadithi ilikatwa upya, Wendy alilazimika kuchora kurasa za nyongeza, na wanaolitetea hawachoki kukukumbusha hilo.

Kwa mzazi wa kwetu mimi niko upande wa rangi. Leetah ni mwanamke wa kahawia, tabibu bora kuliko wote katika hadithi nzima, na hangoji kuokolewa na mtu. Ningependa binti wa miaka 10 alione hilo bila kulazimika kukisia. Binamu yangu aliposikia hivyo alinijibu kwa kicheko kisicho kizuri.

Ugomvi wa pili ni hadithi iliishia wapi. Wapo wanaofunga kitabu kwenye namba 20 na hawataki kusikia zaidi. Miaka ya 1990 kampuni ilitoa mifululizo mingi kwa mpigo, mingi ikichorwa na watu wengine, na hata wapenzi waaminifu wanakiri kwamba walipotea njia humo. Mwaka 2003 kazi ikahamia DC, baadaye Dark Horse, na hapo Wendy mwenyewe akachora hitimisho lililokamilika Februari 2018, miaka 40 baada ya mwanzo. Cutter anakufa. Kuna wakusanyaji waliolia wakasema ndivyo ilivyopaswa kuwa, na kuna waliouza kila walichokuwa nacho.

Hapa niliacha kucheka, kwa sababu ugomvi huu unagusa kazi yangu. Wapanda mbwamwitu wana damu ya mbwamwitu ndani yao, basi wanazeeka na kufa. Maelfi wengine hawana damu hiyo na hawafi kwa uzee. Katika sehemu za baadaye rafiki mkubwa wa Cutter, Skywise, anaondolewa damu ya mbwamwitu, anakuwa mtu asiyezeeka. Cutter anabaki na yake. Rafiki mmoja wa binamu, mwanamume wa makamo, anasema kitendo hicho kiliharibu hadithi, kwa kuwa ujasiri wa kabila lile ulitoka kwenye kujua kwamba watakufa. Mwingine alimjibu kwa sauti ya chini kwamba yeye ana ugonjwa wa moyo, na kama angepewa nafasi ya Skywise asingeuliza mara mbili. Simu ilikaa kimya kidogo.

Ugomvi wa tatu ni ule wa nyumbani kwetu: kusoma au kuhifadhi. Mkusanyaji wa aina ya binamu anataka jarida lisilokunjwa, lisilo na alama ya kidole, kwenye mfuko maalumu wenye karatasi ngumu nyuma yake. Wa aina nyingine atakuonyesha nakala iliyochakaa hadi jalada limelegea, na anaona fahari.

Binamu alinielekeza niangalie bei iliyochapwa kwenye jalada la namba 1. Ikiwa ni dola 1, ni chapa ya kwanza ya kampuni yao, na hiyo ndiyo watu wanayoitafuta. Nikainua jarida mbele ya kamera. Yetu imeandikwa dola 1.50.

"Ni chapa ya baadaye," akasema. Nilimwonea huruma. Mjomba alifika Marekani mwaka 1981, akaanza kukusanya nyuma ya wenzake, akanunua kilichokuwepo dukani. Matoleo yake ya mwishomwisho ni chapa ya kwanza kweli, lakini kufikia wakati huo ElfQuest ilikuwa imeshapendwa na nakala zilichapwa nyingi, kwa hiyo hazina uhaba wowote. Halafu kuna hewa ya bahari ya Tanga. Pini za stepla zimeota kutu na kupaka karatasi rangi ya chai, wadudu wa karatasi wamekula kona, na matatu yana madoa ya ukungu. Ukitoa gharama ya kuyasafirisha hadi Ohio, deni la dawa halitaguswa. Tumekubaliana ndugu watano kulilipa kwa kuchanga kila mwezi, binamu akitoa fungu kubwa. Hakuna aliyemlazimisha.

Kuhusu ukungu, neno moja la kiafya kwa wenye mtoto mwenye pumu. Vumbi la ukungu kwenye vitabu vya zamani linaweza kumwamshia kifua. Yafuteni nje, penye hewa, kwa kitambaa kikavu, mtoto akiwa mbali, na yaliyooza yaondoeni kabisa. Hayo matatu nimeyatenga.

Je, yanafaa kwa mtoto? Kwa wa miaka 10 anayesoma na mtu mzima karibu, nasema ndiyo, isipokuwa moja. Kuna vita, damu na vifo, ila vifo humo vina uzito: watu wanaomboleza, wanakumbuka, wanakasirika. Kuna pia jambo wanaloliita Utambuzi, mvuto wa mwili unaowashika elfi wawili ili wapate mtoto, watake wasitake. Leetah anaupinga kwa muda mrefu kwa sababu hataki kuchaguliwa mume na damu yake. Mazungumzo mazuri sana kwa binti anayekaribia kubalehe, kama mzazi hana haya.

Hilo moja ni namba 17. Usiku wa kuamkia vita, wapiganaji wanafarijiana kimapenzi, wote, na ingawa mchoraji hakuonyesha kila kitu, mtu mzima anaelewa kinachoendelea. Wakusanyaji wengi wanaliona kuwa kilele cha ushujaa wa Wendy, wachache wanatamani lisingekuwepo. Mimi nimeliweka juu ya kabati la dada. Kijana ameshahesabu, ameona kutoka 16 tunaruka hadi 18, na ameuliza. Tumemwambia atalipata akifika kidato cha tatu. Amesema tarehe ataiandika.

Kiingereza chake bado kinachechemea, kwa hiyo alinifanya mkalimani. Nilikwenda Tanga wikendi tatu mfululizo. Tulikaa barazani, yeye akitazama picha mbele yangu, akinivuta mkono nisikae sana ukurasa mmoja. Tulipofika kwenye vita, mzee mmoja wa kabila anauawa, na Leetah, ambaye tangu mwanzo ameponya majeraha kwa kugusa tu, anashindwa kumrudisha.

"Mama mdogo, kwa nini huyu hakumponya?"

Nimewahi kuulizwa swali hilo na ndugu za wagonjwa na huwa nina majibu ya kitaalamu. Nikamwambia kwamba hata tabibu hodari hufika mahali mikono yake inaishia. Akatulia, akauliza kama daktari wa babu naye alikuwa hodari. Nikasema ndiyo, alijitahidi sana. Akafunua ukurasa.

Tulipomaliza namba 18 ndipo nikaelewa kitu ambacho sote hatukukiona katika ugomvi wa bei na rangi. Mjomba alirudi Aprili 1984. Namba 19 na 20 zilitoka baada ya yeye kuondoka. Aliishi karibu miaka 40 bila kujua kama Cutter na watu wake walilifikia jumba walilokuwa wakilitafuta. Mwaka 2008, katuni ilipotimiza miaka 30, kina Pini walianza kuziweka kurasa za zamani kwenye tovuti yao, bure. Miaka yake ya mwisho mjomba alikuwa na simu ya kupangusa, akitazama humo taarifa ya habari na mechi za Coastal Union. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba alikuwa anasubiri.

Namba 19 na 20 tulizisoma kwenye simu ya dada, tukivuta kurasa kwa vidole. Binamu anashikilia kwamba kusoma hivyo si kusoma, na ameahidi kutuma nakala za karatasi za matoleo hayo mawili Desemba, ili sanduku likamilike. Tutaona.

Mama alikuwa akichambua mchele pembeni. Hajawahi kusoma katuni maishani mwake, lakini aliinua kichwa tulipozima simu.

"Kwa hiyo lile jumba walilifikia? Babu yenu alikuwa akiniuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeitunga."

"Walilifikia, bibi," kijana akamjibu. Mama akasogeza ungo, akamwambia alete namba 1 akae hapo karibu yake, amsimulie kuanzia kwenye moto.