Pumzi Fupi Baada ya Korona

Pengine kwenu yuko mtu aliyepata kuugua korona, akalazwa, kisha akarudi nyumbani mkashangilia. Baadaye mkamwona hawezi tena kuchukua ndoo ya maji kutoka kisimani bila kuketi njiani mara mbili tatu. Wengine humcheka, wengine husema amezoea kuuguzwa. Kabla hamjamhukumu, sikilizeni kwanza habari za mapafu.

Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo vya hewa, mamilioni kwa mamia. Kama ungeweza kuvikunjua vyote na kuvitandaza chini, vingeenea mita za mraba 70 hivi, yaani karibu sawa na chumba cha darasa. Kuta zake ni nyembamba kuliko karatasi, na nyuma yake damu inapita. Oksijeni huvuka ukuta huo na kuingia damuni. Basi korona ikishuka mpaka huko, kuta huvimba na vifuko hujaa maji. Mgonjwa akipona uvimbe hupungua, lakini kwa walioshikwa vibaya kuta huweza kubaki nene, au kufanya makovu. Hewa inaingia kifuani vizuri. Kuvuka kwenda damuni ndiko kunakopungua.

Ndiyo sababu mtu aweza kupuliza kwa nguvu katika mashine ya kupimia pumzi akaonekana mzima, kumbe sivyo. Hospitali kubwa zina kipimo kingine. Mgonjwa huvuta hewa iliyotiwa kiasi kidogo mno cha kaboni monoksaidi (ndiyo hiyo hiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani), akaizuia kifuani kama sekunde 10, kisha akaitoa. Waganga hupima ni kiasi gani kimevuka kuingia damuni.

Huko Wuhan, katika nchi ya China, ambako ugonjwa huu ulijulikana kwanza mwishoni mwa mwaka 2019, waganga waliwafuata wagonjwa waliotoka hospitali ya Jin Yin-tan mwaka 2020. Baada ya miezi 6, wagonjwa 68 katika kila 100 walikuwa bado na dalili moja au zaidi. Baada ya mwaka mmoja walibaki 49. Hiyo ni habari njema. Lakini katika wale waliozidiwa sana hata kuhitaji mashine za kuwasaidia kupumua, zaidi ya nusu ya waliopimwa walikuwa bado na upungufu ule wa kuvusha hewa, hata baada ya mwaka. Je, mtu wa namna hiyo utamwita mvivu?

Kipimo kingine ni rahisi, nacho chapendeza kwa kuwa hakitaki mashine kubwa: mgonjwa hutembea dakika 6 mahali pa tambarare, nao hupima amekwenda mita ngapi. Nyumbani nanyi mwaweza kuangalia jambo lilo hilo. Kama juma lililopita alifika kwenye mwembe na juma hili amefika kwa jirani, anaendelea vema. Atembee kila siku, aongeze kidogo kidogo, apumzike kabla hajachoka kabisa. Akiishiwa pumzi aketi, ainamie mbele, viwiko juu ya magoti, avute hewa kwa pua na kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa kama apulizaye moto. Wala asikae jikoni penye moshi. Na kujifukiza kwa sufuria ya maji ya moto hakuondoi kovu la mapafu; nako kumeunguza watu wengi, hasa watoto.

Lakini kikohozi kilichofika majuma 2, au homa za jioni na kukonda, msiseme tu ni mabaki ya korona. Huenda ni kifua kikuu, nacho kina dawa. Mpelekeni zahanati apimwe makohozi. Na akipumua kwa shida hata akiwa ameketi, au midomo ikigeuka rangi ya buluu, msingoje kupambazuke.